Gunia Limekaguliwa, Bei Je?

Kila anayenunua manjano hutia mkono guniani. Macho hayatoshi. Juu ya gunia utakuta vipande vikavu, vimekatwa vyembamba, vinanukia vizuri. Mambo yako chini, pale mkono unapozama mpaka kiwiko. Nachukua kipande nakivunja karibu na sikio. Kikavu hukatika kwa mlio. Kibichi hujikunja, na mwenye gunia akiona kimejikunja huanza kuangalia pembeni.

Kazi yangu ni hiyo. Nanunua manjano kwa wakulima wa kaskazini Pemba, Mtambwe na vijiji vinavyoizunguka Wete, wengi wao wanawake wenzangu. Nayachambua, nayapima, kisha yanavuka bahari kwenda Unguja, ambako mwenye leseni ya kusafirisha anayapakia kwenye kontena la Ulaya. Mimi si mkulima na si msafirishaji. Ni mtu wa katikati, na watu wa katikati hawana sifa njema kisiwani kwetu, wala sisemi kwamba wameonewa.

Hadithi inayonijia kila ninapokunja mkono wa buibui nikakagua imo katika Sahihi ya Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akakuta lundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali kulikoni, naye akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wakauona, kisha akatamka kuwa mwenye kudanganya si katika watu wake. Wengi huishika kauli hiyo ya mwisho na kuliacha swali lililotangulia. Mimi nalipenda swali. Mtume hakumwambia yule bwana akaimwage nafaka yake, wala hakumlaumu kwa mvua. Nafaka iliyorowa ina mnunuzi wake na bei yake. Kosa lilikuwa kuifunika.

Nikiwa na mkulima uso kwa uso, hadithi hiyo inatosha. Gunia likiwa na unyevu namwambia, "Bi Mkubwa, haya bado. Yarudishe kwenye kichanja jua mbili tatu." Hununa, huyachukua, siku zikipita huyaleta. Matata yanaanza pale mnunuzi anapokuwa Hamburg na mkono wake haufiki guniani.

Fikihi yetu ya Kishafii ni kali katika hili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye Minhaj yake imesomeshwa katika pwani hii vizazi na vizazi, ameona kuwa kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu mahsusi ambacho mnunuzi hakukiona hakusihi. Lakini humo humo ameacha mlango: kuona sehemu kunatosha ikiwa sehemu hiyo inaonyesha kilichobaki, kama sehemu ya juu ya lundo la nafaka, au sampuli ya vitu vinavyolingana. Tazama mambo hayo. Juu ya lundo panatosha, na juu ya lundo ndipo palipomdanganya mnunuzi wa Madina. Hapana mgongano, kwa kuwa ruhusa imefungwa na sharti la kulingana. Lakini nani atathibitisha kuwa gunia la chini linalingana na la juu?

Siku hizi anayethibitisha ni maabara. Sampuli huchotwa magunia kadhaa, juu, kati na chini, ikachanganywa, ikafungwa, ikapelekwa. Karatasi inayorudi inataja unyevu, ambao mikataba mingi haitaki uzidi asilimia 10 au 12. Inataja kurkumini, ile rangi yenyewe ya manjano, na wanunuzi huigombania asilimia yake kuliko kitu kingine. Inataja sumu kuvu, ile inayoota kwenye manjano yaliyokauka vibaya: Umoja wa Ulaya hauruhusu aina yake kali, B1, izidi mikrogramu 5 kwa kilo, na jumla yake isizidi 10. Na tangu 2021 umeweka mpaka wa madini ya risasi katika viungo vya mizizi: miligramu 1.5 kwa kilo. Mkono wa Hamburg ni huo. Umevaa glavu, lakini unafanya kazi ile ile ya mkono wa Madina, nami siubezi.

Nitaongeza neno juu ya risasi, kwa sababu nimewasikia wenzangu wakiulalamikia mpaka huo kuwa ni vitimbi vya Wazungu vya kutufungia mlango. Wanaosema hivyo hawaijui habari ya Bangladesh. Huko, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wenzao wa Dhaka walikuwa wakitafuta kwa nini wanawake wajawazito wa vijijini wana risasi katika damu. Hawakuwa wanaishi karibu na viwanda. Mwisho wa utafutaji walifika jikoni, kwenye manjano. Wasindikaji walikuwa wakiyapaka kromati ya risasi, unga wa manjano mkali unaotumika kutengeneza rangi, ili mizizi iliyofifia ipendeze. Wafanyabiashara wenyewe walieleza kuwa mtindo huo ulianza miaka ya 1980, baada ya mafuriko makubwa kuyaacha manjano yamerowa na kupoteza mng'aro. Wanunuzi walizoea rangi kali. Soko likaitaka, ikatengenezwa.

Mvua tena! Nafaka ya Madina ilirowa na mwenyewe akaifunika kwa nafaka kavu. Manjano ya Bangladesh yalirowa na wenyewe wakayafunika kwa sumu inayodumaza akili za watoto. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2019, serikali iliingia sokoni Shyambazar, Dhaka, ikawatoza faini wafanyabiashara na kubandika matangazo kila mahali. Mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni, asilimia 47, zilikutwa na risasi. Mwaka 2021 haikuonekana hata moja. Uovu wa miongo mitatu na zaidi ulikoma ndani ya miaka miwili, kwa sababu tu watu waliambiwa, na waliokuwa wakifanya wakaona wanatazamwa.

Lakini kuna aina ya pili ya risasi, nayo ndiyo inayonikosesha raha. Mzizi unaweza kuinyonya ardhini bila mtu kuweka kitu. Mkulima hajui, mimi sijui, mzigo unakataliwa bandarini. Je, tumedanganya? Mafaqihi wametenganisha mambo mawili ambayo sisi sokoni huyachanganya. Dhambi ni ya mwenye kujua akaficha. Haki ya mnunuzi kurudisha mali ni jambo jingine, nayo haitazami kama muuzaji alijua. Kasoro ikiwa ilikuwemo kabla ya kukabidhi, mnunuzi ana khiyari. Kwa hiyo mzigo ukirudi kwa kasoro nisiyoijua, sina dhambi lakini nina hasara. Nimeona watu wazima wakilia kwa kudhani hasara ni ushahidi wa dhambi, na wengine, wabaya zaidi, wakidhani kuwa wasipopata hasara basi hawana dhambi.

Kuna maneno mengine husemwa ghalani pale mnunuzi anapokuwa mbali: "Mtie tu, Mzungu hajui." Kwangu hilo halina mjadala. Sura ya Mutaffifina ilipowakemea wanaopunja vipimo haikuuliza dini ya anayepunjwa, na manjano ya Pemba hayaulizi yanaliwa na nani. Hayo yamekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana mlango katika Ihya juu ya adabu za uchumi. Uadilifu wa mfanyabiashara ameukusanya katika mambo manne. Asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo. Asifiche aibu zake. Asifiche chochote katika uzito na kipimo. Na asiifiche bei. Matatu ya mwanzo ndiyo yaliyogeuzwa kuwa vyeti, mihuri na karatasi za maabara. La nne halina cheti. Nimeona fomu nyingi za ukaguzi wa kilimo hai, kurasa kwa kurasa, zikiuliza mbolea gani imetiwa, jirani anapulizia dawa gani, gunia limehifadhiwa wapi. Sikuwahi kukuta katika zile zilizopita mikononi mwangu swali la kama mkulima anajua bidhaa yake inauzwa kiasi gani mbele.

Ghazali alitoa mfano kwa katazo la Mtume la kuilaki misafara. Watu wa mji walikuwa wakitoka nje kuwapokea wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni, wakinunua kwao kwa bei wanayojitungia, kwa kuwa wenye mali hawajui mjini kunauzwaje. Mtume akalikataza. Na katika madhehebu yetu, aliyelakiwa akauza, akifika sokoni akagundua kuwa bei aliyoambiwa ilikuwa chini ya ile ya mji, ana khiyari: akitaka anayaacha yalivyo, akitaka anavunja.

Nilipoisoma hadithi hiyo katika darsa yetu ya wanawake, baada ya alasiri, nilijiona mimi. Natoka Wete asubuhi, naingia njia za Mtambwe, namkuta mkulima uani kwake. Huko ni kulaki msafara kulikokamilika. Tofauti ni kwamba mimi nina gari na msafara umekaa. Nikamwuliza maalim.

"Mwanangu," akasema, "wale wa zamani hawakuwa na namna ya kujua. Huyu wako ana simu. Anayelala na simu mkononi si msafara."

"Maalim, simu inampa bei ya soko la Chake na la Darajani. Bei ya Ulaya imo katika barua pepe za wasafirishaji. Hata mimi naisikia kwa kudokezwa."

"Basi wewe pia ni msafara," akacheka. "Lakini sikiliza. Katika mauziano ya kupatana, mnunuzi halazimiki kumwambia muuzaji atakwenda kukiuza kwa kiasi gani. Sheria imekataza kuficha bei ya soko. Haikukulazimisha kutoa siri ya biashara yako."

Hiyo ni hoja nzito na sitaifanya nyepesi kwa sababu inanipinga. Kuna aina ya biashara, murabaha, ambayo muuzaji hutaja gharama yake na faida yake waziwazi, na hiyo ni amana baina yao. Lakini kupatana kwa kawaida si hivyo. Na faida nayo haikuwekewa kikomo. Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume dinari moja akanunue kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake kamili. Mtume hakumuuliza vipi aliyenunua kwake amelipa mara mbili. Alimwombea baraka katika biashara yake. Kwa hiyo anayesimama sokoni na kupiga kelele kuwa faida kubwa ni haramu hana andiko.

Na mimi nina hesabu zangu. Kilo tano za manjano mabichi hutoa kama kilo moja kavu, na nikinunua mabichi upungufu huo naubeba mimi. Nabeba nauli, magunia, vibarua wa kuchambua, ada za maabara, na ile hofu ya mzigo kurudi. Dini imeweka kanuni kuwa faida huenda na dhamana: anayebeba hatari ndiye mwenye haki ya tunda lake. Mkulima akishalipwa haulizwi tena. Mzigo ukikataliwa, naulizwa mimi. Kwa hiyo sikubali kuitwa mnyonyaji na kila mtu aliyeona bei ya kichupa cha manjano dukani London akagawa kwa kilo.

Hata hivyo jibu la maalim halikunikalia. Limejengwa juu ya kuwepo kwa soko. Anasema nisifiche bei ya soko, naruhusiwa kuficha muamala wangu wa mbele. Vizuri, kwa mchele hayo ni mambo mawili tofauti. Kwa manjano ya kusafirishwa nje ni kitu kimoja. Yale yanayouzwa kwa mafungu Darajani ni ya mchuzi, yana bei yake. Tani za vipande vikavu vya kilimo hai hazina mnada wala ubao wa bei kisiwani. Soko lake lote ni ule muamala wa mbele, wa watu watatu au wanne wanaoandikiana. Nikiuficha nimeficha soko zima, na yule mama wa Mtambwe anapatana na mimi juu ya kitu ambacho hana njia nyingine ya kukijua. Kanuni iliyowekwa kulinda siri ya mfanyabiashara mmoja kati ya mia, hapa inalinda giza.

Mtu wa Pemba analielewa hili mara moja kwa sababu ya karafuu. Karafuu hununuliwa na shirika la serikali peke yake, ZSTC, bei hutangazwa, na mtoto wa darasa la tatu anaijua. Serikali iliahidi mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na watu wakaishika asilimia hiyo kama aya. Hakuna wa kumlaki mwenye karafuu njiani. Lakini wazee wetu wanaikumbuka miaka ambayo bei ilijulikana vilevile na ilikuwa duni, na karafuu zikavuka usiku kwa magendo kwenda Kenya. Kumbe kujua hakutoshi. Mkulima anayejua anapunjwa na hana pa kupeleka, ujuzi wake ni maudhi matupu. Nalisema hili dhidi ya hoja yangu mwenyewe: nikiwaonyesha wakulima bei ya mbele leo, wengi bado watauza kwangu, kwa kuwa barabara ya kufika Unguja na mashine ya kukaushia ziko kwangu. Watapata nini?

Watapata uwezo wa kukataa, hata kama hawautumii msimu huu. Mkulima akijua bei ataweza kwenda akazungumza na jirani zake, wakakusanya mzigo wao pamoja, wakaweza kuzungumza na msafirishaji moja kwa moja. Asiyejua hana cha kuzungumza. Hasara ya wao kunipita inaniangukia mimi, naijua, na sioni kwamba nina haki ya kuikinga kwa ujinga wa mwenzangu.

Hali ya fedha ndiyo inayouharibu mpatano zaidi ya yote. Manjano hupandwa masika, huchimbwa majani yanapokauka, kuanzia Disemba. Katikati pana miezi ya ada za skuli na dawa. Hapo ndipo hutokea mtu na pesa mkononi akitaka kununua shamba zima mizizi ikiwa bado ardhini. Mashafii wamekataza kuuza kilichofichika udongoni, kwa kuwa ni gharari, yaani mauziano ya kubahatisha. Wafuasi wa Imamu Malik wameruhusu, kwani mwenye uzoefu huyasoma majani akajua kilichoko chini. Nimeyasoma majani muda mrefu, na kwa mkoba wangu ningependa kuwa Maliki. Lakini uzoefu huo uko upande mmoja tu. Mnunuzi ameshazunguka mashamba mia. Mama anayeuza ana hilo moja, na ana mtoto mgonjwa.

Njia halali ipo, na ni kongwe kuliko vyeti vyote. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende miaka miwili na mitatu kabla. Hakuwakataza. Aliwataka wataje kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hiyo ndiyo salam: bidhaa inaelezwa kwa sifa zake, na bei inalipwa kamili papo hapo, mbele, mnunuzi anasubiri. Tazama jinsi ilivyo kinyume na biashara yetu ya leo. Wanunuzi wa ng'ambo wanataka sifa zote zielezwe mpaka mikrogramu, halafu walipe baada ya hati za meli kufika. Wamechukua nusu ya salam inayowafaa, wakaiacha nusu inayomfaa mkulima. Katika Kishafii, ukiondoa malipo ya mbele hapana salam tena. Mnunuzi anayetaka manjano yenye cheti cha maadili na aanze hapo: alete pesa mwezi wa Julai.

Mimi sasa huandika katika stakabadhi ya mkulima bei mbili: ninayomlipa, na niliyopewa na msafirishaji, pamoja na gharama zangu. Wenzangu wawili wameacha kunisalimia. Maalim anasema nimejilazimisha lisilo la lazima, na huenda kwa msimamo wa fikihi yuko sahihi. Nami naona kuwa pasipo na soko, stakabadhi ndiyo soko.

Kwa hiyo nina maombi. Mkulima, kabla hujamwaga gunia kwenye mizani, muulize anayenunua yeye analipwa kiasi gani, na ushikilie jibu liandikwe. Msafirishaji, nami naomba hayo hayo kwako. Na masheikh wetu, mmetuhutubia mara nyingi juu ya mizani na tumesikia. Tupeni Ijumaa moja ya Disemba juu ya lile jambo la nne la Ghazali. Wanunuzi wengi huswali safu ya mbele, hamtahitaji kupaza sauti.